Iga Świątek na mabingwa waliotangulia: je, anastahili kuwekwa safu moja na Seles na Graf?

Mwenyeji wa Kizingo

Salaam kwenu nyote. Nimeona heri swali hili tulijadili waziwazi, kwa sababu limekuwa likizuka kila tunapokutana kutazama tenisi, na kila mara huachwa njiani. Tangu Iga Świątek wa Poland alipotwaa taji la Wimbledon mwezi wa Julai 2025 kwa kumshinda Amanda Anisimova wa Marekani 6-0, 6-0, wapo wanaosema kuwa sasa ameingia safu ya Monica Seles wa Yugoslavia na Steffi Graf wa Ujerumani, mabingwa wa miaka ya 1980 na 1990, na wapo wanaoona kuwa kusema hivyo ni kuwavunjia heshima waliotangulia. Mimi ni wa kundi la kwanza, na sioni haya kulisema.

Kabla ya kutimiza miaka 25 alikuwa na mataji sita ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani: manne ya Ufaransa (2020, 2022, 2023 na 2024), moja la Marekani (2022) na hilo la Wimbledon, na katika fainali zake hizo sita hakupoteza hata moja. Mwaka 2022 alishinda mechi 37 mfululizo, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeifikia katika karne hii hadi wakati huo. Lakini kinachonivuta zaidi ni ile hali yake uwanjani. Anapoketi kupumzika hujifunika taulo kichwani, haangalii jukwaa wala ubao wa matokeo, kisha hurudi na kuucheza mpira wa kwanza kana kwamba ndio utakaoamua mechi nzima. Seles alikuwa hivyo, na Graf pia, ambaye alitembea haraka baina ya pointi na pointi kama mtu aliyechelewa chombo. Nasema haya nikijua kwamba hata Graf, anayetajwa siku zote kuwa kipimo cha wote, alipata nusu ya mataji yake 22 baada ya Seles kuchomwa kisu uwanjani na mtazamaji mwaka 1993.

Mkaazi wa Bamburi

Ndugu yangu wa Kizingo, ungelimsifu Świątek ukaishia hapo ningelikaa kimya, lakini sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama nusu ya mataji ya Graf yalikuja baada ya tukio lile, basi nusu nyingine, yaani mataji 11, yalikuja kabla yake, na hayo peke yake yanakaribia mara mbili ya yale unayomhesabia binti wa Poland. Mwaka 1988, mwaka aliotimiza miaka 19, Graf alishinda mataji yote manne makubwa na juu yake akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Seoul. Katika fainali ya Ufaransa mwaka huo huo alimshinda Natasha Zvereva 6-0, 6-0, kwa hiyo hata hayo ya Wimbledon unayoyaona ni maajabu, yeye aliyafanya zamani.

Isitoshe, Graf hakushika kisu. Mtu asiyejulikana naye alitoka jukwaani akatenda uovu, Seles akakaa nje kama mwaka mmoja hivi, na sasa tunaambiwa kuwa aliyebaki uwanjani alipaswa kuona aibu kwa kushinda. Kama kukosekana kwa mpinzani kunapunguza taji, basi tuseme na hili: Świątek alikuwa namba moja wa dunia mwaka 2022 kwa sababu Ashleigh Barty wa Australia, aliyekuwa akiishika nafasi hiyo, aliamua kustaafu. Sijui kwa nini hilo halitajwi.

Binti wa Mji wa Kale

Hilo la Barty limetajwa mara nyingi kuliko linavyostahili, nami nitalijibu kwa tarehe. Barty alitangaza kustaafu tarehe 23 Machi 2022. Kufikia siku hiyo Świątek alikuwa ameshatwaa taji la Doha mwezi wa Februari na la Indian Wells siku tatu tu kabla ya tangazo lenyewe, kwa hiyo ule mfululizo wa mechi 37 ulikuwa umekwishaanza. Baada ya hapo alishinda Miami, Stuttgart, Roma na Ufaransa bila ya kupoteza. Ni kweli kwamba nafasi ya kwanza ilibaki wazi, lakini hakupewa na mtu, alicheza akaichukua.

Nimeudhika kidogo, kaka wa Bamburi, kwa sababu mwanamke akishinda hutafutwa aliyekosekana, na akishindwa hatutafuti lolote.

Msomaji wa Likoni

Mimi nitasema jambo ambalo wengi wanalifikiri. Fainali ile ya Wimbledon ilianza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu na ikamalizika katika dakika 57, hata adhana ya Isha ilikuwa bado. Je, huo ndio ubingwa tunaoulinganisha na wa kale? Wanaume hucheza seti tano katika mashindano makubwa, nao wanawake hutosheka na tatu, na bado tunazungumza juu ya uvumilivu na ukali wa moyo. Tangu 2007 Wimbledon inawalipa sawasawa. Sipingi malipo, lakini sioni vipi mechi ya dakika 57 inaweza kumpima mtu.

Binti wa Mji wa Kale

Ndugu wa Likoni, dakika 57 zilikuwa chache kwa sababu mmoja wao hakumwachia mwenzake gemu hata moja. Mara ya mwisho fainali ya wanawake ya Wimbledon kumalizika kwa matokeo hayo ilikuwa mwaka 1911. Kama wepesi wa ushindi ni dosari, basi atakayesifiwa ni yule anayeyumba na kujiokoa, na hilo silikubali.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni

Wanangu, nimesoma yote mliyoandika na nimeona heri niingie, kwa sababu mambo mawili yamesemwa kwa haraka na yanahitaji kuwekwa sawa.

La kwanza ni la seti tano. Kijana wa Likoni anazungumza kana kwamba wanawake hawakuwahi kuzicheza. Kuanzia 1984 hadi 1998, fainali ya mashindano ya kufunga msimu ya wanawake huko Madison Square Garden, New York, ilichezwa kwa mtindo wa seti tano. Mwaka 1990 Monica Seles, akiwa na umri wa miaka 16, alimshinda Gabriela Sabatini wa Argentina 6-4, 5-7, 3-6, 6-4, 6-2. Mwaka 1996 Graf alimshinda Martina Hingis katika seti tano pia. Wenye mashindano ndio wanaopanga idadi ya seti, na mchezaji hucheza alizopangiwa, kwa hiyo si haki kumlaumu Świątek, au mwanamke mwingine yeyote, kwa kanuni ambayo hakuiandika.

La pili ni zito zaidi. Bwana wa Bamburi amesema kuwa Seles alikaa nje kama mwaka mmoja. Alichomwa kisu mgongoni tarehe 30 Aprili 1993 mjini Hamburg, akiwa ameketi kupumzika kati ya gemu, na hakurudi kwenye mashindano hadi mwezi wa Agosti 1995. Ni zaidi ya miaka miwili. Alikuwa na umri wa miaka 19, alikuwa namba moja wa dunia, na alikuwa na mataji manane ya Grand Slam. Aliyemshambulia alisema mwenyewe kuwa alitaka Graf arudi juu. Baada ya kurejea, Seles aliongeza taji moja tu, la Australia mwaka 1996.

Sisemi haya ili nimpunguzie Graf. Bamburi ana haki anaposema kuwa Graf hakushika kisu, na miaka ile alicheza na kila aliyewekwa mbele yake. Lakini hesabu haiwezi kuwa kimya. Kabla ya Hamburg walikuwa wamekutana katika fainali nne za Grand Slam: Seles alishinda mbili za Ufaransa, ya 1990 na ya 1992, na ile ya Australia ya Januari 1993, na Graf akashinda ile ya Wimbledon ya 1992, tena kwa urahisi, 6-2, 6-1. Katika Wimbledon ile wapinzani walikuwa wamelalamika juu ya sauti anayoitoa Seles anapopiga mpira, akaombwa apunguze, na katika fainali akacheza kimya. Mimi huona kuwa aliyenyimwa sauti yake siku ile alinyimwa sehemu ya mchezo wake. Huu ni mtazamo wangu tu, lakini nimekaa nao miaka mingi na sijapata sababu ya kuuacha.

Kwa hiyo tukiuliza kama Świątek anafika kwa Seles, lazima tuseme ni Seles yupi. Yule tuliyemwona ana mataji tisa. Yule ambaye angekuwapo kama mtu yule asingepita uzio, hakuna ajuaye, na hapo ndipo ulinganisho wote unaponitia uzito.

Kocha wa Tudor

Shukrani, Mwalimu. Mimi hufundisha watoto tenisi kwenye uwanja wa saruji, na nataka mjadala urudi kwenye mpira wenyewe, kwa sababu hadi sasa tumehesabu makombe na waliokosekana, lakini hakuna aliyesema wanavyocheza.

Seles alishika raketi kwa mikono miwili pande zote mbili, kulia na kushoto, na alikutana na mpira ukiwa bado unapanda, kwa hiyo alimnyima mpinzani muda. Graf alikuwa na pigo la upande wa kulia lenye nguvu kuliko la yeyote wa wakati wake, na upande wa kushoto aliukata mpira ukateleza chini, jambo lililomfaa sana kwenye nyasi za Wimbledon. Świątek ni wa aina nyingine. Mkono wake umezunguka sana chini ya mpini, na mpira wake huzunguka kwa kasi, ukitua kwenye udongo, kama ule wa Ufaransa, huruka hadi mabegani mwa mpinzani. Hilo linawezeshwa na mkono wake, lakini linawezeshwa pia na nyuzi za raketi za poliesta, ambazo zilianza kuenea baada ya Gustavo Kuerten wa Brazil kushinda Ufaransa mwaka 1997. Seles na Graf walijijenga kabla ya nyuzi hizo. Ukimpa Seles wa 1991 raketi ya leo, au ukimpa Świątek raketi ya 1991, hulinganishi tena wachezaji wale wale.

Ndiyo sababu taji la Wimbledon la 2025 ni zito kwangu kuliko manne ya Ufaransa. Mkono unaoshika raketi vile huchelewa kwenye nyasi, kwani mpira hauruki na muda ni mdogo. Mwaka 2022 mfululizo wake wa mechi 37 ulikatwa papo hapo Wimbledon na Alizé Cornet. Mfululizo wa Seles wa mechi 36 nao ulikatwa Wimbledon, mwaka 1990, na Zina Garrison. Seles hakulipata taji lile maisha yake yote. Świątek alilipata, baada ya kubadilisha kocha na kujifunza kuupiga mpira mapema zaidi, bila ya mzunguko mrefu wa mkono. Katika hilo moja amempita Seles, na anayebisha anionyeshe wapi.

Mkaazi wa Bamburi

Kocha amenena vizuri na Mwalimu amenisahihisha, nimekubali tarehe. Lakini naona swali limehama. Tulianza na Świątek, sasa tunamlilia Seles, na Graf amebaki peke yake kizimbani. Mbona pia hakuna aliyetaja kuwa mwaka 2024 Świątek alifungiwa mwezi mmoja kwa dawa iliyopigwa marufuku michezoni?

Binti wa Mji wa Kale

Lilitajwa duniani kote, kaka yangu. Ilikuwa trimetazidini, dawa ya moyo, na wachunguzi walikubali kuwa iliingia kupitia vidonge vya usingizi vya melatonini vilivyochafuliwa, ndiyo maana adhabu ikawa ya mwezi mmoja. Ukitaka kumpinga, mpinge kwa tenisi.

Mkaazi wa Bamburi

Basi nitampinga kwa tenisi. Katika fainali zake sita hizo alikutana na Kenin, Gauff, Ons Jabeur, Muchova, Paolini na Anisimova. Hakuna hata moja aliyokutana na Aryna Sabalenka wa Belarus, aliye mpinzani wake mkubwa. Graf na Seles walikutana katika fainali sita za Grand Slam, nne kabla ya Hamburg na mbili baada yake. Huo ndio ushindani nilioujua mimi. Na Australia, ambako Seles alishinda mara nne, Świątek alipofika nusu fainali mwaka 2025 alikuwa na pointi ya ushindi dhidi ya Madison Keys, akaikosa.

Mwenyeji wa Kizingo

Hoja hiyo ya Sabalenka ndiyo ya kwanza katika mjadala huu iliyonifanya nisite, na ninaipokea. Hata hivyo, mpinzani mkubwa hachagui kukutana nawe katika fainali tu. Nusu fainali ya Marekani ya 2022 Świątek alimshinda Sabalenka baada ya kupoteza seti ya kwanza, na nusu fainali ya Ufaransa ya 2025 Sabalenka alimlipa, akamfunga seti ya tatu 6-0. Na wale waliokosa usingizi kwa fainali ya Madrid ya 2024 wanakumbuka kuwa ilipita saa tatu, kwamba Sabalenka alifika pointi ya ubingwa mara tatu, na kwamba Świątek aliziokoa zote akashinda 7-5, 4-6, 7-6. Madrid si Grand Slam, najua utaniambia hivyo.

Mkaazi wa Bamburi

Ndivyo nitakavyokuambia. Lakini mechi ile niliitazama hadi mwisho.