Kampuni imetangaza kugundua vito vipya: niongeze hisa au nisubiri?

Mwanahisa Mdogo: Salaam wanajukwaa. Ninamiliki hisa chache za kampuni ndogo ya madini, ambayo sitaitaja, na wiki iliyopita ilitangaza kwamba imegundua mashapo mapya ya rubi na safaya ndani ya eneo la leseni yake ya utafiti. Tangazo linasema zimepatikana zaidi ya karati 20,000 katika mitaro minne, na picha yake inaonyesha mawe mekundu yanayong'aa kiganjani. Hisa zimepanda kwa theluthi moja na dalali wangu ananihimiza niongeze haraka. Fedha niliyo nayo ni ada ya mtoto ya mwaka ujao. Mnanishauri nini?

Mchorongaji: Mleta mada, karati 5 ni gramu 1, kwa hiyo karati 20,000 ni kilo 4 tu. Swali la msingi ni tani ngapi za udongo zilizooshwa ili kupata kilo hizo, na kama tangazo halisemi, basi hujaambiwa kitu. Kanuni za utoaji taarifa, kama JORC ya Australia na NI 43-101 ya Kanada, hupanga rasilimali ya madini katika ngazi tatu kulingana na uhakika wake, na mawe yaliyookotwa mitaroni peke yake hayatoshi hata kwa ngazi ya chini kabisa. Vito ni vigumu kukadiria kuliko dhahabu, kwa sababu vimetawanyika bila mpangilio, kiasi kwamba shimo jembamba la uchorongaji linaweza kupita katikati ya mwamba wenye rubi lisiguse hata moja. Ndiyo maana hulazimika kuchimbwa na kuoshwa sampuli kubwa, wakati mwingine maelfu ya tani, kabla mtu hajakadiria chochote.

Mkata Mawe: Naongezea kwamba hata hizo kilo 4 si vito vyote. Sehemu kubwa ya rubi ghafi huwa na nyufa au haipitishi mwanga, na huishia kuwa shanga au takataka. Kuhusu picha, jiwe ghafi likiloweshwa maji hupendeza kuliko likiwa kavu. Kila muuzaji analijua hilo. Tena vito havina bei moja ya dunia. Almasi ya Lesedi La Rona, yenye karati 1,109, ilipatikana Botswana mwaka 2015, ikakosa mnunuzi katika mnada wa London mwaka 2016, kisha ikauzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 53, chini ya kiasi kilichokuwa kimekataliwa mnadani.

Mbahatishaji: Mimi ningenunua kidogo. Anayesubiri uthibitisho wote hununua kwa bei ya juu.

Mhasibu: Kwa fedha yako ya ziada, sawa, kwa ada ya mtoto, hapana. Kampuni ya utafiti isiyo na mauzo huishi kwa kutoa hisa mpya, na wakati mzuri wa kuzitoa ni pale bei inapopanda baada ya tangazo kama hili, jambo ambalo hupunguza fungu lako la umiliki katika kampuni. Muda nao ni mrefu: rubi za Montepuez, Msumbiji, ziligunduliwa mwaka 2009, na mnada wa kwanza wa kampuni iliyopewa eneo hilo ulifanyika mwaka 2014, ingawa huo ulikuwa ugunduzi mkubwa kwelikweli. Ada yako haiwezi kusubiri miaka mitano.

Mwanahisa Mdogo: Nimelisoma tena tangazo. Tani hazikutajwa popote, na maelezo madogo chini ya jedwali yanasema uzito huo ni wa "mawe ya madaraja yote". Nimeiandikia kampuni kuuliza tani zilizooshwa, na kama inapanga kutoa hisa mpya. Hisa za zamani nimezibakiza, na ada nimeshailipa leo asubuhi.