Je, tafiti za lishe zinazolipiwa na kampuni za vyakula zikataliwe zote?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mbele yetu inasema kwamba tunapojadili unene uliopitiliza, utafiti wowote uliofadhiliwa na kampuni ya vyakula au vinywaji usipokelewe kuwa ushahidi. Wanaoitetea wanatukumbusha kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sababu zao ni nzito. Mwaka 1967 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio, yaani makala inayokusanya na kupima tafiti za wengine, ya wanasayansi wa Harvard yaliyoyatupia mafuta na kolesteroli lawama ya ugonjwa wa moyo huku yakiipunguzia sukari. Mwaka 2016 ikafichuliwa kuwa taasisi ya wafanyabiashara wa sukari nchini Marekani ilikuwa imelipa dola 6,500 kwa kazi hiyo, ikapanga lengo lake na kupelekewa rasimu kabla ya kuchapishwa.

Pamoja na hayo, mimi naipinga kanuni hiyo, kwa kuwa inatuzoesha kumchunguza mlipaji na kuiacha kazi yenyewe. Msomaji makini angeweza kuuona udhaifu wa mapitio yale hata asimjue aliyelipa: tafiti zilizoishuku sukari zilichambuliwa kwa ukali, na zilizoyashuku mafuta zikapokelewa kwa upole.

Hapo ndipo ninapotaka tukazie macho. Mwaka 2013 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi wa mapitio yaliyohusu vinywaji vyenye sukari na ongezeko la uzito. Kati ya mahitimisho 12 ya waandishi wasio na mgongano wa maslahi, yaani wasiofungamana kifedha na kampuni za vyakula, 10 yaliona kuwa vinywaji hivyo huenda vinachangia unene. Kati ya 6 ya wenye mgongano huo, 5 yalisema ushahidi hautoshi. Tafiti za msingi zilikuwa wazi kwa pande zote mbili, kwa hiyo nafasi kubwa ya upendeleo ilikuwa katika kuamua upi uingizwe, upi uachwe, na kila mmoja upewe uzito gani. Kwa maoni yangu, mapitio yanastahili ukali wetu kuliko majaribio, ingawa magazeti hufanya kinyume na kuyanukuu kama neno la mwisho.

Kwa jaribio, ninauliza kwanza chakula kilipimwaje. Katika jaribio la mtafiti Kevin Hall la mwaka 2019, lililogharamiwa na serikali ya Marekani, watu 20 waliishi kituoni na kula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki 2, na visivyosindikwa hivyo kwa wiki 2 nyingine. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku. Ni watu wachache na muda mfupi, lakini kila mlo ulipimwa, jambo ambalo hojaji inayomtaka mtu akumbuke alichokula mwezi mzima haiwezi kulifanya.

Sasa naomba watetezi wa hoja wanijibu kuhusu PREDIMED, utafiti wa Hispania kuhusu lishe ya Mediterania na ugonjwa wa moyo, wenye washiriki 7,447. Fedha zake nyingi zilitoka serikalini, lakini mafuta ya zeituni na karanga za miti zilitolewa na wazalishaji. Mwaka 2018 uliondolewa na kuchapishwa upya, kwa sababu baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama ilivyodaiwa, kosa lisilohusiana na wafadhili. Chini ya kanuni yenu, utafiti huo ungekuwa upande gani, na je, kanuni hiyo ingelibaini kosa lake?