Kozi ya kupasua majeruhi kwa vitendo, siyo slaidi: ipi inafaa daktari wa wilayani?

dk_njiapanda
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni MD, daktari wa kawaida siyo bingwa, niko hospitali ya wilaya Tanzania kando ya barabara kuu, majeruhi wa bodaboda na mabasi wanaanzia kwangu. ATLS, ile kozi ya hatua za kwanza za kumwokoa majeruhi, nimeshafanya na ni nzuri, sina ugomvi nayo. Shida inaanza pale umeshaweka laini mbili za dripu, damu inaingia, presha inapanda kidogo inashuka tena, tumbo linazidi kujaa, na rufaa ni masaa manne ya barabara na unajua kabisa huyu hafiki. Hapo ni kufungua tu. Sizarian na apendiksi tunafanya kila siku lakini tumbo lililojaa damu ni habari nyingine. Naona majina kibao, PTC, ASSET, ATOM, DSTC, na ada zake zinatisha. Ipi inanifaa? Na hii ya kufundishia kwa maiti na ya mnyama tofauti yake nini?

mkasi_butu
Dokta karibu. PTC weka pembeni kwanza, ile ni ndugu wa ATLS, siku mbili, imetengenezwa kwa sehemu zisizo na vifaa, manesi na maofisa tabibu wote wanafaa kuisoma ila hushiki kisu. ASSET ni siku moja ya maiti, unafundishwa kufikia mishipa mikubwa, shingo, kwapa, kinena, nyuma ya goti. ATOM ni nguruwe aliyelazwa usingizi, mwalimu anamtoboa moyo au ini, wewe unaziba. DSTC ni ya IATSIC, chama cha kimataifa cha wapasuaji wa majeruhi, siku mbili tatu, inachanganya mihadhara, kesi za kubishania na mazoezi ya maiti au mnyama kutegemea sheria za nchi.

Tofauti ni hii: maiti ina anatomia ya mtu lakini haitoki damu. Mnyama anatoka damu kweli na akifa amekufia mikononi, ila anatomia siyo yako. Ningekuwa wewe ningeenda DSTC, kwa sababu kitu kikubwa inachofundisha ni kuacha. Sisi tumelelewa kumaliza kazi, ukifungua utengeneze kila kitu ndiyo ufunge, sasa majeruhi ambaye ameshakuwa wa baridi, damu ina asidi na haigandi tena, ukimkalia masaa matatu unaunga utumbo umemmaliza mwenyewe. Unafungua toka juu mpaka chini, unajaza mataulo ya tumbo pembe zote nne, juu na chini ya ini, kwenye wengu, pembeni huku na huku, nyonga. Kama bado inamwagika kandamiza kwa ngumi aota, ule mshipa mkuu wa damu, chini ya kiwambo cha kifua, halafu TULIA mtu wa usingizi akufikie na damu. Ukianza kutoa mataulo, anzia pale unapodhani hakuna shida. Utumbo uliotoboka funga ncha usiunge, wengu lililopasuka toa, ini acha na mataulo yake, funika tumbo kwa mfuko wa dripu ulioukata ukaushona kwenye ngozi, mpeleke apate joto. Rufaa sasa inawezekana.

Rejista_wa_Nairobi
Mkasi umesema vizuri lakini tusidanganyane, kozi ya siku tatu haikufanyi surgeon. Mkono unatengenezwa na wingi wa kesi. Ndio maana madaktari wa dunia nzima wanajazana Afrika Kusini, Baragwanath pale Johannesburg wikendi moja unaona visu na risasi ambazo kwingine ungengoja miaka. Ingawa daktari, hizo ni visu na risasi, huku kwetu mtu amegongwa, ni ini na wengu na nyonga na mifupa, si kitu kimoja. Kama uko serious ingia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yao yako hapo kwenu Arusha, unasomea kwenye hospitali iliyokubaliwa huku ukifanya kazi, miaka mitano unatoka bingwa.

dk_njiapanda
Miaka mitano sawa mkuu, na huyu atakayeletwa leo usiku?

mkasi_butu
Haha hapo Rejista kapatikana. Dokta, ukiwa unasubiri nenda buchani chukua mbavu za mbuzi zikiwa nzima na ngozi kama wanayo, fanya chesti dreni, ule mpira wa kutoa damu na hewa kifuani, mpaka uchoke. Pita ukingo wa JUU wa ubavu wa chini, mishipa imejificha chini ya ubavu wa juu yake, ingiza kidole uzungushe kabla ya mpira. Utumbo wa mbuzi nao ni wa kushonea, bei ya supu tu.

mama_thieta
Madokta samahani naingilia, mimi nesi wa thieta. Mnaenda kozi peke yenu mnarudi mnapiga kelele "leta hiki" kitu ambacho stoo hakijawahi kuwepo. DSTC wana kozi pacha za watu wa usingizi na manesi, zinaendeshwa sambamba, mkiandika barua kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, ombeni nafasi tatu siyo moja. Tuliwahi kupata mwalimu aliyefundishia hukohuko Afrika Kusini, alituonyesha shingo iliyochomwa kisu inavyozuiwa damu kwa katheta ya mkojo, unaisukuma ndani ya kidonda, unajaza puto maji mpaka damu inakata, unabana mpira unashona ngozi kuizunguka. Hicho kifaa kila wodi kinacho! Na nyonga iliyovunjika shuka inatosha, ila lifungwe usawa wa vifundo vya mapaja, ile mifupa inayotokeza pembeni juu ya paja, kila siku naona watu wanafunga kiunoni.

Na hayo mataulo mnayoacha tumboni muandike idadi kwenye karatasi ya rufaa, kwa maandishi yanayosomeka jamani.

dk_njiapanda
Mama asante, barua naandika ya watu watatu. Mtu wa usingizi wetu ni mmoja tu, akienda kozi thieta inafungwa siku hizo zote, kuna aliyewahi kuomba mwalimu aje kituoni badala ya sisi kwenda?