Nyongeza ya idadi kwa nyumba nafuu: hesabu inakwendaje?

MchoraRamani (Chumbageni, Tanga): Wakuu, nalinganisha mradi wa fleti na sheria ya California, ambako anayejenga huongezewa nyumba akitenga baadhi kwa wenye kipato cha chini. Kiwanja kinaruhusu 40. Nikitenga 15% kwa kipato cha chini sana, napata ngapi?

FutiKamba: 60, mkuu. 15% ya 40 ni 6. Hizo 6 zinaleta nyongeza ya 50%, yaani 20. Wengi hukosea kwa kupiga asilimia kwenye 60. Piga kwenye idadi ya msingi, na desimali yoyote hupandishwa: 6.1 ni 7.

Ngamiani Kati: Nyumba 6 za kupangisha hufungwa na mkataba wa miaka 55, na mkataba husajiliwa juu ya kiwanja, kwa hiyo hata mnunuzi mpya anabanwa. Jedwali lionyeshe kila nyumba ina vyumba vingapi na ni ya kipato kipi, la sivyo faili linarudi. Maegesho nayo yana kikomo: gari 1 kwa nyumba ya chumba kimoja, 1.5 kwa vyumba 2 au 3.

FutiKamba: Ila usiibebe hesabu hiyo halmashauri ya Tanga! Huku soma masharti ya hati kwanza. Ikisema makazi ya familia moja, omba mabadiliko ya matumizi kabla ya kibali cha ujenzi. Halafu maji taka: nyumba 60, watu 5, lita 80 kila mtu, ni lita 24,000 kwa siku. Karo la kawaida litafurika.

MchoraRamani: Shukrani. Karo sikuliwaza kabisa.