Njia fupi za kutembea na mzee wa miaka 71: mnachaguaje?

Kitindamimba

Habari zenu, wapenzi wa kutembea. Miezi mitatu iliyopita nilihamia mji mdogo pamoja na baba yangu, ambaye ana miaka 71. Ni mji ambao unaweza kuumaliza kwa miguu asubuhi moja, lakini umezungukwa na bustani, vijisitu na njia za miguu ambazo sikutarajia kuzikuta. Moja inafuata mto, nyingine inazunguka bwawa, kadhaa zinapanda vilima vya upande wa mashariki. Kwenye ramani ya simu nimehesabu 14.

Baba alikuwa mtembezi maisha yake yote. Tangu mama atutoke amekuwa mtu wa kiti na dirisha. Magoti yake yamechakaa kwa umri, na daktari alisema wazi kwamba hilo si sababu ya kukaa. Atembee, ila asilazimishe maumivu makali.

Basi Jumamosi iliyopita nikampeleka kilimani. Ubao wa pale mwanzo wa njia uliandikwa: mzunguko wa kilomita 4, saa moja na nusu. Tulitumia karibu saa tatu. Kupanda hakukumshinda. Njia ilipanda taratibu, akawa anasimama, anavuta pumzi, anaendelea, hata akanionyesha ndege wawili ambao mimi nisingewaona. Kilichomshinda ni kushuka. Upande wa pili kuna ngazi za magogo, ndefu, kila moja inamtaka ajidondoshe badala ya kukanyaga. Alizishuka ameshika bega langu, kimya. Baba akinyamaza namna ile najua anaumia.

Jumapili hakutoka chumbani. Jumatatu akasema, "Nenda wewe, mimi nitakuangalia ukirudi."

Sitaki hilo liwe ndiyo mazoea. Naomba wenye uzoefu wa kutembea na wazee mniambie: mnaitambuaje njia inayofaa kabla ya kumfikisha mtu huko? Siulizi njia yenye mandhari ya kupiga picha. Naulizia njia ambayo atarudi akitaka kwenda tena.

Alfajiri77

Pole sana, na hongera kwa kumtoa nje. Anzeni na bustani ya tambarare kwanza, hata kama ni ndogo na mtaizunguka mara nne. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hakuna aliyesema zitimie kwa siku mbili. Dakika 20 au 25 kila siku zinatosha. Kipimo cha "wastani" ni rahisi: awe anaweza kuzungumza na wewe vizuri, lakini akijaribu kuimba pumzi inamkatika.

Nyayo

Mdogo wangu, nimeisoma habari yako mara mbili kwa sababu naijua. Mwaka wa kumi na moja huu natembea vijia vya pembeni mwa mji, na minne ya mwisho natembea na dada yangu mkubwa, aliyewekewa nyonga ya bandia. Makosa yako nimeyafanya yote, na la ngazi nimelifanya zaidi ya mara moja.

Kabla ya yote, muulize baba anaumwa wapi hasa. Usiulize "unaumwa?", atasema hapana. Mwambie aweke mkono mahali penyewe. Mtu akishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo inayoshika breki: inavutwa huku inakaza. Misuli isiyozoea kazi hiyo huuma kesho yake na kesho kutwa, wakati mwingine hadi siku ya tatu, halafu inapoa yenyewe na mara nyingine haiumi kiasi kile. Huenda Jumapili baba yako alikuwa na mapaja, si magoti. Tofauti ni kubwa, kwa sababu mtu akidhani goti limeharibika, anaaga kutembea.

Sasa njia. Kilomita ndizo zinazodanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye ule ubao. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo watu wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme kilima chenu kina mwinuko wa mita 200. Kilomita 4 ni dakika 48, ongeza 20 za kupanda, jumla dakika 68. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu ambaye hasimami. Ubao wenu ulikuwa umeongeza dakika 20 na ushee, bado haukumhesabu baba yako. Mimi kwa dada yangu nazidisha mara mbili, na sijawahi kujuta. Tena kanuni yenyewe haikuweka chochote kwa ajili ya kushuka, ambako ndiko wazee wanakoteseka.

Kwa hiyo, na hili ndilo ningependa ulishike: kabla ya kumpeleka, nenda peke yako, halafu igeuze njia. Ule mzunguko wenu ungeuanza upande wa ngazi, mngezipanda ngazi na kushuka kwa ule upande wa taratibu. Njia ni ileile na kilomita ni zilezile, lakini goti linaona njia nyingine kabisa. Mishale ya rangi kwenye miti isikufunge. Mahali pengi rangi ni jina tu la njia, wala haisemi kama ni rahisi au ngumu. Angalia tu kama kuna kibao kinachokataza kupita upande ule.

Ila kwa sasa mizunguko iache. Mzunguko ukifika katikati umekwisha kukufunga: mbele mbali, nyuma mbali. Njia ya kwenda na kurudi, kama hiyo yenu ya mtoni, inamwachia mzee uamuzi. Akisema "turudi," mnageuka hapohapo. Dada yangu alianza kwenda mbali siku alipojua kwamba anaweza kugeuka wakati wowote bila kuniomba.

Nina daftari. Limechakaa jalada, nimelifunga kwa mpira. Ndani hakuna mandhari hata moja. Kuna benchi. Naandika hatua kutoka benchi hadi benchi, benchi ipi ina kivuli saa ngapi, ipi ina egemeo na ipi haina (mwenye nyonga mbovu hainuki kwenye benchi isiyo na mahali pa kushika), choo kiko wapi na kama mlango wake hufunguliwa asubuhi, mahali panapotuama maji baada ya mvua. Njia ya kilomita 6 yenye benchi kila mita 300 ni nyepesi kwa dada yangu kuliko ya kilomita 2 isiyo na pa kukaa. Hakuna ubao uliowahi kuniambia hivyo. Nimeyapata kwa kwenda na kuhesabu.

Anza na bwawa au mto. Kilima kitangoja.

Kitindamimba

Dada Nyayo, nimemuuliza jana usiku kama ulivyoniambia. Aliweka mikono yote miwili juu ya mapaja. Magoti hakuyagusa. Leo anasema yamepoa. Nilimsomea ile sehemu ya misuli kushika breki, akaniambia nisome tena.

Kuna jambo moja ananikatalia: fimbo. Anasema akishika fimbo atakuwa amekubali. Nimemwacha.

Mchoraramani

Niongeze kidogo upande wa ramani. Ramani nyingi za bure kwenye simu zinatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, na zinachorwa na watu wa kujitolea. Ule mstari wa nukunuku unakwambia tu kwamba mtu fulani alipita hapo. Hausemi ni changarawe, magogo au matope, mpaka mtu awe ameandika. Bonyeza mstari wenyewe kwenye programu inayoonyesha maelezo, utaona kama aina ya uso wa njia imejazwa. Ngazi nazo huchorwa kwa alama yake, ila hazionekani mpaka uvute ramani karibu kabisa.

Washa pia mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Njia ikienda sambamba na kontua, ni tambarare hata kama iko juu mlimani. Ikizikata, inapanda au inashuka, na kadiri mistari ilivyobanana ndivyo goti litakavyolia. Ukiizoea, dakika mbili zinatosha kuchuja njia zote 14 ukiwa umekaa.

Halafu Dada Nyayo, hizo benchi zako zina mahali pake kwenye ramani hiyo. Kuna alama ya benchi, na unaweza kuandika kama ina egemeo au haina. Miaka 11 ya kuhesabu isiishie kwenye daftari moja lililofungwa kwa mpira.

Nyayo

Sikujua kama kuna alama ya egemeo. Nitajifunza. Nitaomba unielekeze, maana zipo nyingi.

Kuhusu fimbo, usimshurutishe, lakini mwonyeshe zile mbili za watembezi, zinazorefushwa. Zinashikwa na vijana wapanda milima, wala hazina sura ya mkongojo. Kwenye tambarare kiwiko kikunjike pembe mraba, kwenye mteremko azirefushe kidogo ili zitangulie mbele kupokea uzito. Akikubali moja tu, aishike mkono wa upande ulio mbali na goti linalouma zaidi. Wengi wanaishika upande uleule wa maumivu, na haimsaidii mtu.

Na kwenye ngazi, penye kushikilia, mfundishe hivi: kupanda, unatangulia mguu mzima, kushuka, unatangulia ule unaouma, kisha mzima unafuata palepale. Hatua moja moja. Dada yangu anaitamka chini kwa chini kila tukifika ngazini.

Kitindamimba

Naleta habari. Jumatano asubuhi nilikwenda bwawani peke yangu na daftari. Mzunguko ni kilomita 2.3, benchi ni 7, lakini 4 zimejazana upande wa maegesho na upande wa mbali kuna moja tu. Ningempeleka bila kwenda kwanza, tungekwama huko.

Alhamisi nikaenda naye. Tulifuata upande wenye benchi nyingi, tukafika ya nne, tukageuka. Dakika 40 na mapumziko yake. Ile ya tatu haina egemeo, nikamwambia tuipite, akakataa, akakaa na kunionyesha kwamba ukiweka mikono kwenye ukingo wa mbele unanyanyuka vizuri tu. Kwenye benchi ya nne tulikaa muda mrefu. Akaniambia habari za mama ambazo sikuwa nazijua, za miaka kabla sijazaliwa. Sikumkatiza.

Leo asubuhi nilimkuta amevaa viatu.

Swali moja la mwisho. Upande wa mbali kuna daraja refu la mbao linalopita juu ya majani ya majini. Anataka kufika huko, kwa sababu ndiko ndege walipo. Mbao zilikuwa kavu nilipopita, lakini usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha.

Nyayo

Leo usimpeleke. Mbao zilizo kivulini huota utando mwembamba wa kijani usioonekana kirahisi, na zikilowa huteleza vibaya sana, hasa pale zinapolazwa kufuata urefu wa njia. Subiri jua lipige mchana mzima. Nenda kesho alasiri, pitisha soli ya kiatu chako kwanza mahali penye kivuli, ikishika ndipo umwite. Akiwa juu ya daraja akitaka kutazama ndege, asimame kabisa, ashike ukingo, ndipo ainue macho. Asitazame juu huku anatembea.

Na kabla ya kuingia hesabu hatua mpaka ile benchi ya upande wa pili, kisha uniandikie hapa ni ngapi.