Naomba ushauri: wanafunzi wa usanifu majengo na nyumba za Mikindani

Habari zenu wakuu. Nafundisha usanifu majengo, na mradi wa muhula huu ni nyumba ya familia Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara. Michoro ya mwanzo imenisikitisha: vioo vikubwa vinatazama jua la magharibi, baraza hakuna kabisa! Nyumba za kale pale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, na baraza nje ya kumpokelea mgeni. Sitaki wabandike tu mlango wa nakshi kwenye jengo la saruji. Je, wakae kwanza na mafundi na wazee, au wachore ndipo wenyeji wawakosoe? Na wazee tuwaendeeje kwa adabu? Mliowahi kufundisha hivi, nisaidieni.