MREJESHO: Barafu kwenye kigimbi na kuyumba

Wakuu, asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa: kwa nini mchezaji aliyewekewa barafu kigimbini dakika 20 anayumba akisimama kwa mguu mmoja, na arudi lini uwanjani?

Jibu ni kwamba ganzi ya ngozi siyo tatizo kubwa. Baridi hupunguza kasi ya neva, na vihisio vilivyo ndani ya msuli, vinavyoupa ubongo habari za mkao wa mguu, hupunguza ishara zake. Msuli nao unakakamaa. Mwili ukiegemea mbele kidogo, kigimbi kinachelewa kuurudisha.

Kilichokuwa kinakosewa ni kupima utayari kwa ngozi. Ngozi inapata joto mapema, lakini msuli wa ndani huendelea kupoa hata barafu ikishaondolewa, na mwenye mafuta mengi chini ya ngozi msuli wake huchukua muda mrefu zaidi kurudia joto la kawaida.

Kwa hiyo utaratibu umebadilika. Anayerudi kucheza papo hapo hawekewi barafu ndefu. Ya dakika 10 hadi 20, juu ya taulo lenye unyevu, inangoja mchezo uishe. Ikibidi kurudi, kwanza atembee, akimbie polepole, apandishe visigino, kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde 30, macho wazi halafu yamefumbwa, akilinganisha na mguu usiowekewa barafu. Akigusa chini mapema kuliko upande ule, bado.

Na tafadhali, msifunge barafu kwa kukaza upande wa nje chini ya goti. Neva pale iko juujuu, ikiumia mtu anashindwa kuinua wayo.